Skrubu ya 4 au ya 8: Kuchagua amplifaya ya valvu kwa spika za umeme tuli

Mwaka jana nilialikwa nyumbani kwa rafiki yangu, mwalimu mstaafu wa hesabu anayeishi mtaa wa Milimani mjini Nakuru, tukasikilize jozi ya spika za umeme tuli alizoletewa na mpwa wake kutoka ng'ambo. Zilikuwa bapa mbili ndefu za chuma chenye matundu, ambazo ukisimama mbele yake unaliona dirisha lililo nyuma. Amplifaya ilikuwa ya valvu, zile balbu za kioo zilizotumika kabla ya transista, ndogo, yenye valvu moja kubwa kwa kila upande, na alikuwa ameipenda kwa miaka mingi akiitumia na spika za kawaida. Tuliweka nyimbo za zamani za omutibo, ule mtindo wa gitaa wa Magharibi mwa Kenya uliovumishwa na George Mukabi, ambao mdundo wake hupigwa kwenye chupa ya Fanta. Sauti ya mwimbaji ilisimama katikati ya chumba kana kwamba mwenyewe yupo, lakini chupa ilisikika kama inagongwa nyuma ya pazia zito. Nikazima amplifaya, nikasubiri ipoe, kisha nikahamisha nyaya za spika kutoka skrubu iliyoandikwa 8 hadi ile iliyoandikwa 4. Tulipowasha tena, chupa ilikuwa imerudi.

Mwalimu hakutosheka na kufurahi. Alitaka kujua skrubu moja imebadilisha nini. Jibu nililompa jioni ile lilikuwa la haraka na lenye mapengo. Hili ndilo jibu kamili, kwa sababu anayelielewa hana haja ya kuambiwa na muuzaji ni amplifaya gani ya valvu inayofaa spika za umeme tuli.

Kiwambo badala ya koni

Spika ya kawaida, ya redioni au ya ndani ya matatu, ina koni ya karatasi iliyogundishwa kwenye koili ya waya inayocheza kando ya sumaku. Mkondo ukipita kwenye koili, koni husogea. Kwa amplifaya, spika kama hiyo ni mzigo unaokaribia kufanana na rezista. Impidansi yake, yaani ukinzani unaobadilika kulingana na masafa ya sauti, hupanda hapa na kushuka pale, lakini kwa kawaida haiendi mbali sana chini ya namba iliyoandikwa mgongoni mwake.

Spika ya umeme tuli haina koni wala sumaku. Ndani yake mna utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele, uliowambwa kama ngozi ya ngoma katikati ya bapa mbili zenye matundu. Utando huo hupewa chaji ya kudumu ya volti elfu kadhaa kutoka kwa kifaa kidogo kinachochomekwa ukutani. Katika spika mashuhuri kuliko zote za aina hii, ile ya Quad iliyobuniwa na Peter Walker mjini Huntingdon, Uingereza, na kuanza kuuzwa mwaka wa 1957, vipande vya besi hupewa takriban volti 6,000 na kipande cha sauti nyembamba takriban volti 1,500. Muziki wenyewe hupelekwa kwenye zile bapa mbili: moja ikiuvuta utando, ya pili huusukuma, na utando husogea wote kwa pamoja badala ya kusukumwa katikati tu. Kwa kuwa ni mwepesi mno, huanza kusogea papo hapo na husimama papo hapo. Ndiyo maana sauti ya mtu au mchomo wa uzi wa nyatiti husikika humo kwa uwazi ambao koni huufikia kwa shida.

Sasa, bapa mbili za chuma zilizotenganishwa na hewa ni kapasita, yaani kitu kinachohifadhi chaji ya umeme, na hapa ndipo matata yote yanapoanzia. Isitoshe, amplifaya ya nyumbani hutoa volti kumi au ishirini, ilhali bapa zinahitaji maelfu, kwa hiyo ndani ya kila spika huwekwa transfoma ya kupandisha volti. Transfoma hiyo inapopandisha volti mara 100, kapasita iliyo upande wa pili huonekana kwa amplifaya kama imekua mara 10,000, yaani mraba wa 100. Bapa zenye pikofaradi 400, kiasi kidogo kabisa, hugeuka mbele ya amplifaya kuwa mzigo wa mikrofaradi 4.

Hesabu ya 3, 4 na 5

Ukinzani wa kapasita hupungua kadiri masafa yanavyopanda. Masafa yakiongezeka maradufu, ukinzani hubaki nusu. Ile kapasita yetu ya mikrofaradi 4 ina takriban omu 200 kwenye hezi 200, omu 40 kwenye hezi 1,000, omu 4 kwenye hezi 10,000, na omu 2 tu kwenye hezi 20,000, mwisho wa sauti ambazo sikio changa husikia. Spika halisi hazifuati mstari huu kwa usafi kamili, kwa sababu nyaya za transfoma zina ukinzani wake na wabunifu huongeza rezista hapa na pale, lakini mwelekeo ni ule ule. Quad ya 1957, ambayo huhesabiwa kuwa spika ya omu 15 au 16, hupita omu 30 kwenye sauti nene na kushuka hadi karibu omu 1.8 kwenye hezi 18,000. ElectroMotion ESL ya kampuni ya MartinLogan ya Marekani, ambayo ni spika ya mseto yenye bapa juu na wufa ya kawaida (koni ya besi) chini, hutajwa kuwa ya omu 6, na watengenezaji wenyewe wanakiri kwamba kwenye hezi 20,000 ni omu 1.6. Baadhi ya ndugu zake wakubwa huteremka chini ya omu 1. Anayenunua amplifaya kwa kuangalia ile "6" peke yake amesoma jalada akadhani amesoma kitabu.

Upande wa pili wa waya kuna amplifaya. Valvu ni mfereji wa volti nyingi na mkondo mdogo: ndani yake kuna volti 300, 400 au zaidi, lakini mkondo ni wa sehemu ndogo ya ampea. Spika hutaka kinyume chake. Kwa sababu hiyo karibu kila amplifaya ya valvu ina transfoma ya kutolea sauti, inayoshusha volti na kuongeza mkondo, na zile skrubu za 4, 8 na 16 ni sehemu tofauti za koili ya transfoma hiyo hiyo. Kila amplifaya pia ina ukinzani wake wa ndani, kana kwamba mtu ameficha rezista kati yake na spika. Katika amplifaya nyingi za transista rezista hiyo ya kufikirika ni ndogo mno, sehemu ya kumi ya omu au chini ya hapo. Katika amplifaya ya valvu moja isiyo na mrejesho (mbinu ya kujisahihisha nitakayoieleza mbele), kama ile ya mwalimu, omu 3 kwenye skrubu ya 8 si ajabu.

Chukua basi omu hizo 3 za ndani na spika ya mikrofaradi 4. Kwenye hezi 10,000 spika ina omu 4. Kama zote mbili zingekuwa rezista, tungejumlisha 3 na 4 tukapata 7, na spika ingepata sehemu 4 kati ya 7 za volti. Lakini volti ya kapasita huchelewa nyuma ya mkondo kwa robo ya mzunguko, kwa hiyo hazijumlishwi kwenye mstari mmoja. Husimama kama pande mbili za pembemraba. Nilipomchorea mwalimu alicheka kwa sauti, maana ilikuwa ile pembetatu ya 3, 4 na 5 aliyoichora ubaoni kwa zaidi ya miaka thelathini. Spika hupata 4 kati ya 5, yaani asilimia 80, upungufu wa karibu desibeli 2. Kwenye hezi 20,000 hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa spika ina omu 2 mbele ya 3 zile zile: hupata asilimia 55 tu, upungufu wa zaidi ya desibeli 5.

Kuhamia skrubu ya 4 hupunguza ukinzani wa ndani kwa nusu, kutoka omu 3 hadi 1.5, kwa sababu ya ule mraba wa uwiano wa transfoma niliokwisha kuutaja. Sasa pembetatu ya 3, 4 na 5 haiko tena kwenye hezi 10,000. Imepanda hadi 20,000, ambako 1.5 na 2 hutoa 2.5. Upungufu uliokuwa ukianza kuuma mahali chupa, matoazi na herufi "s" zinapoishi umesogezwa oktavu nzima juu, karibu na mwisho wa usikivu wa mzee wa miaka sabini. Tofauti kwenye hezi 10,000 ni kama desibeli moja na nusu. Kwenye karatasi ni kidogo, lakini kwa kuwa inaanza chini na kukua kadiri unavyopanda, sikio huisikia kama pazia kuondolewa.

Badiliko hilo lina gharama yake. Amplifaya ya wati 30 inaweza kutoa karibu volti 15.5 kwenye skrubu ya 8, lakini kwenye skrubu ya 4 hutoa takriban 11. Umenunua uwazi kwa kulipa sauti. Katika sebule ya kawaida ya Nakuru au Kisumu mimi hulipa bila kunung'unika, ila mwenye ukumbi mkubwa afikiri mara mbili. Wala skrubu ya 4 si sheria ya spika zote: Quad ya 1957, ambayo ina omu nyingi katika sehemu kubwa ya muziki, inaweza kupenda ya 8 au hata ya 16 ikiwa amplifaya yenyewe ina ukinzani mdogo wa ndani. Jaribu zote. Kujaribu ni bure, mradi uzime kwanza, kwa sababu amplifaya ya valvu haifai kupigishwa muziki bila spika. Volti zinazoruka ndani ya transfoma isiyo na mzigo zinaweza kuiua.

Kipimo ambacho wauzaji hawakitaji

Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi lisiwe wati ngapi bali ukinzani wa ndani ni omu ngapi. Matangazo mengi hayautaji, lakini hutaja kipimo cha dampingi, yaani omu 8 za spika ni mara ngapi ya ukinzani huo. Gawanya 8 kwa kipimo hicho na utapata jibu la kutosha: dampingi ya 10 ni omu 0.8, dampingi ya 3 ni omu 2.7. Pasipo na namba yoyote, unaweza kupima mwenyewe kwa rezista ya omu 8 yenye wati 10 au zaidi, simu yenye programu ya kutoa mlio mmoja, na mita ya kawaida ya fundi. Tumia mlio wa hezi 400, maana mita za bei nafuu hudanganya juu ya hapo, na weka sauti chini sana, maana kwa sekunde chache utapima bila mzigo. Pima volti bila rezista, kisha pima tena rezista ikiwa imeunganishwa. Tofauti ya vipimo viwili, igawanye kwa kipimo cha pili, kisha zidisha kwa 8. Ukipata 2.2 kisha 1.6, tofauti ni 0.6, na jibu ni omu 3. Kumbuka tu kwamba hali ya hezi 400 si ahadi ya hezi 20,000. Transfoma dhaifu ina kasoro zinazojitokeza juu pekee.

Kwa spika za umeme tuli ninapendekeza omu 1 au pungufu kwenye skrubu utakayoitumia. Hadi omu 1.5 mtu anaweza kuishi nayo, hasa kama chumba kina kuta tupu na sakafu ya vigae inayorudisha sauti nyembamba. Juu ya hapo unasikiliza amplifaya ikikutungia muziki wake.

Dawa yenye sumu ndani

Njia ya kawaida ya kupunguza ukinzani wa ndani ni mrejesho hasi: sehemu ya sauti inayotoka hurudishwa mwanzoni ikiwa imegeuzwa, ili amplifaya ijilinganishe na kujisahihisha. Mrejesho wa desibeli 20 hupunguza makosa mengi hadi karibu sehemu moja ya kumi. Mwaka wa 1947 Mskoti D.T.N. Williamson alichapisha mchoro wa amplifaya yenye valvu mbili za KT66 kila upande na mrejesho wa kiasi hicho, na mafundi wa dunia nzima wakauiga. Wengi wao waligundua kwamba ukiweka transfoma ya bei rahisi badala ya ile aliyoiagiza Williamson, amplifaya hukosa utulivu.

Sababu yake ni kuchelewa. Mrejesho husahihisha ukifika kwa wakati. Transfoma huchelewesha sauti za juu kidogo, na kapasita iliyo kwenye waya wa spika huongeza ucheleweshaji wake. Zikijumlishwa hadi kufikia nusu ya mzunguko, kilichotakiwa kupunguza sasa kinaongeza, na amplifaya huanza kutetema yenyewe kwenye masafa yaliyo juu ya usikivu wetu. Husikii mlio. Unachosikia ni ukavu na ukali katika sauti za juu; valvu hupata joto kupita kiasi, na pengine bamba la ndani ya valvu huanza kuwa jekundu. Hali hiyo ni ya kuzima mara moja.

Ndiyo maana mtu mwenye spika za koni anaweza kukusifia amplifaya yake kwa moyo mweupe kabisa, na ikifika kwako ikakuaibisha. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na spika yake haikuwahi kuidai amplifaya ile kitu kigumu. Kabla ya kulipa, mwombe fundi mwenye osiloskopu, kifaa kinachochora umbo la wimbi kwenye kioo, aipe wimbi la mraba la hezi 10,000, huku mahali pa spika pamewekwa rezista ya omu 8, kisha aongeze kapasita ya mikrofaradi 2 sambamba nayo. Kona za wimbi zitapanda na kutikisika kidogo. Mitikisiko miwili mitatu inayotulia haina neno. Ikiendelea bila kufa, au ikijaza mstari wote, amplifaya hiyo si ya spika zako, hata iwe na sura nzuri namna gani. Aondoe pia ile rezista kwa sekunde chache abakize kapasita peke yake, maana hiyo ndiyo picha iliyo karibu zaidi na bapa zako. Kuwapata mafundi wenye osiloskopu Kisumu kunahitaji kuulizauliza, lakini wapo, na saa moja ya kazi yao ni rahisi kuliko transfoma mpya.

Amplifaya iliyobuniwa kwa busara hutumia mrejesho wa kiasi na kwa njia zaidi ya moja. Quad II ya mwaka wa 1953, iliyotoka katika karakana ile ile ya Walker kabla ya spika yake kuuzwa, ilikuwa na koili maalumu ndani ya transfoma ya kurudisha sehemu ya sauti kwenye kathodi za valvu za mwisho, kisha mrejesho wa jumla juu yake. Ndiyo iliyokuja kuwa mwenzi wa kawaida wa spika ile, ikiwa na wati 15 tu.

Wati kidogo, volti za kutosha, na hewa ya Nakuru

Wati 15 zilitoshaje? Kapasita kamili haili nguvu. Huichukua na kuirudisha. Kinachotakiwa na bapa ni volti, na wati ni jina tu tunalozipa volti hizo tukishaamua omu. Wati 15 kwenye omu 16 ni volti 15.5 za kipimo cha mita, yaani volti 22 kwenye kilele cha wimbi. Quad ya 1957 inaruhusiwa volti 33 za kilele, basi. Amplifaya ya wati 100 kwenye omu 8 hutoa volti 28 za mita, karibu 40 za kilele, na hapo cheche inaweza kuruka kati ya bapa na utando na kuutoboa. Wanaosema kwamba spika za umeme tuli zinataka amplifaya kubwa kuliko zote huzungumzia spika za baadaye zenye kinga, wakasahau kuzitaja.

Hapa kwetu kuna jambo ambalo vijitabu vya Ulaya havina haja ya kulitaja. Hewa iliyo karibu na usawa wa bahari huvumilia takriban volti 3,000 kwa kila milimita kabla ya cheche kuruka, lakini uvumilivu huo hupungua hewa inapokuwa nyepesi. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya bahari na Nakuru karibu mita 1,850. Kanieneo ya hewa ni kama asilimia 87 ya ile ya pwani kwa Kisumu na asilimia 80 kwa Nakuru. Nafasi ya usalama hupungua kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Kwa Quad kuukuu iliyoko Nakuru, mimi nisingeipa zaidi ya volti 26 za kilele, yaani amplifaya ya wati 40 kwenye skrubu ya 8 au wati 20 kwenye ya 16. Mtu wa Mombasa anaweza kunicheka. Yeye ana hewa nzito.

Kwa upande mwingine, omu 1.6 za kwenye hezi 20,000 zisikutie hofu kupita kiasi, kwa sababu muziki una nguvu kidogo sana huko juu. Amplifaya haiombwi kusukuma wimbi zima la volti 20 kwenye hezi 20,000; huombwa sehemu ndogo tu yake. Tatizo la valvu hapo ni usawa wa sauti na utulivu, si kuishiwa nguvu.

Kutokana na hayo yote, aina zenyewe hujipanga haraka. Amplifaya za valvu moja kila upande, zikiwamo za 300B ambazo hutoa wati 8 hivi na kusifiwa kwa mashairi, nisingezinunua kwa spika za umeme tuli, ila kwa mtu anayesikiliza chini chini katika chumba kidogo na aliyekwisha kuipima ukinzani wake. Amplifaya zisizo na transfoma ya kutolea sauti, ambazo Julius Futterman alizianzisha Marekani katika miaka ya 1950, zinaondoa chanzo kimoja kikubwa cha kuchelewa, lakini hupenda mzigo wa omu nyingi. Kwa bapa za omu 1 juu kabisa hazifai bila transfoma ya kupatanisha katikati, na hapo mtu amerudi alikotoka. Zinazobaki ni zile za valvu mbili zinazopokezana kazi, moja ikisukuma na nyingine ikivuta, zenye EL34, KT66 au KT88, wati 25 hadi 60, mrejesho wa wastani na transfoma nzito. Hazina umaarufu wa ajabu. Ndizo ninazozipendekeza karibu kila mara, na nikipewa mbili zinazolingana kwa kila kitu, huinua zote na kuchagua ile inayoumiza mgongo, kwa kuwa uzito wa amplifaya ya valvu uko kwenye transfoma zake.

Mwenye spika ya mseto ana nafuu zaidi kwa upande wa volti, kwa sababu wufa hubeba besi na usikivu wa spika huwa mkubwa. Wati 30 humtosha. Lakini wufa nayo ni koni inayotaka kushikwa barabara, na amplifaya yenye ukinzani mkubwa wa ndani huiacha ipwaye. Besi ya benga, inayokimbia kama gitaa la tatu badala ya kunguruma, hufichua kasoro hii ndani ya dakika moja: noti hugandana. Ukiisikia hivyo, usilaumu chumba kabla hujajaribu skrubu nyingine.

Umeme wetu, unyevu wetu

Umeme wa Kenya ni volti 240. Amplifaya nyingi zinazoagizwa kutoka China huja zikiwa zimepangwa kwa 220. Tofauti ya asilimia 9 haionekani kubwa mpaka ukumbuke kwamba uzi wa kupasha moto wa EL34 unataka volti 6.3, katika amplifaya ya 220 iliyochomekwa kwenye 240 utapata karibu volti 6.9, ukingoni mwa asilimia 10 ambayo watengenezaji wa valvu huruhusu, na jioni umeme unapopanda utavuka ukingo. Valvu hufa mapema. Mwulize muuzaji kama transfoma ya umeme ina nafasi ya 240, na kama haina, mwachie. Amplifaya ya 120 kutoka Marekani hutaka transfoma ya kushusha inayoweza kubeba mzigo wote. EL34 nne peke yake hula takriban wati 38 kwa kupashwa moto tu, kabla ya noti ya kwanza, na amplifaya nzima inaweza kupita wati 150, tokeni zitakueleza.

Mvua za radi za jioni huku kwetu kando ya ziwa na kupanda hadi Kakamega na Kisii zinajulikana. Chomoa vyote viwili, amplifaya na spika, kwa kuwa watu husahau kwamba spika hizi nazo zimo kwenye umeme.

Unyevu wa Kisumu una hila yake. Vumbi huvutwa na chaji ya utando, na vumbi likipata unyevu hugeuka njia ya chaji kuvuja, hivyo spika moja huanza kunyamaza polepole, hasa msimu wa mvua. Wengi hukimbilia kubadilisha valvu, ambazo si rahisi, na tatizo hubaki pale pale. Badilisha kwanza nyaya za kushoto na kulia: udhaifu ukihama upande, kosa ni la amplifaya, ukibaki pale pale, kosa ni la spika, na dawa ni kuichomoa, kuiacha usiku mzima, kisha kupitisha mashine ya kuvuta vumbi kwa nje, taratibu. Usiifungue. Volti 6,000 hazina mzaha, na zile 400 za ndani ya amplifaya hubaki kwenye kapasita hata baada ya kuzima. Usiweke taa karibu na bapa usiku pia, maana wadudu wa ziwani wanaofuata mwanga ni wadogo kuliko matundu yake.

Mwalimu hatimaye aliuza amplifaya yake ya valvu moja kwa jirani mwenye spika za koni, akanunua iliyotumika yenye EL34 mbili kila upande. Tuliipima: dampingi 11 kwenye skrubu ya 8, na ilipopewa kapasita ya mikrofaradi 2 wimbi lilitikisika mara mbili likatulia. Siku hizi anaitumia kwenye skrubu ya 8, na chupa ya Fanta inasikika mpaka mistari iliyo shingoni mwake.